Mjomba Anataka Kuwaona Wasomaji

Jumatatu, 9 Juni

Siku mbaya. Upepo wa Singida umeamka na hasira, na mjomba Ignas vilevile. Kapiga simu asubuhi kutoka Kiomboi. Hata shikamoo yangu hakuipokea vizuri. Kasema alizeti imekomaa, mashine yake ya kukamua mafuta inataka kijana, na kijana mwenyewe ni mimi. Nikamwambia mjomba, mimi nina kazi. Akauliza kazi gani. Nikasema mimi ni bloga, nasomwa dunia nzima. Akacheka mpaka akakohoa.

Kasema Jumamosi anakuja hapa Utemini kuwaona hao wasomaji. Nikamwambia nitamwonyesha takwimu kwenye simu. Akasema namba hata yeye anaweza kuandika ukutani kwa mkaa. Anataka watu. Wenye vichwa na miguu. Asipowaona, nafunga begi, naondoka naye kwa basi lilelile.

Mimi! Nikamue alizeti! Mtu niliyejifunza mwenyewe kutengeneza blogu, bila mwalimu, kwa simu ya kioo kilichopasuka!

Dada Witness, ninayekaa kwake, kauliza kwani wasomaji ninao wangapi. Nikamwambia hilo swali ni la kitaalamu. (Jana walikuwa watatu. Mmoja nahisi ni mimi mwenyewe kwa simu ya dada.)

Sielewi tatizo liko wapi. Blogu inaitwa Dunia Kiganjani. Jina zito, mambo mazito. Wiki iliyopita niliweka "Njia Bora za Kuondoa Theluji Kwenye Gari Lako". Nimeitafsiri mwenyewe neno kwa neno. Maoni yaliyokuja: moja. La Theodora. Kaandika, "Peniel, theluji ya wapi?"

Wivu!

Jumanne, 10 Juni

Theodora ana duka la dawa za mifugo pale kona, mita chache kutoka kwetu. Ana blogu pia. Inaitwa Banda la Kuku. Humo ndani ni kuku tu. Kuku kaharisha, kuku kapona, kuku kakataa kulalia mayai. Leo kaandika habari ya jogoo wa mama mmoja wa Ikungi aliyekuwa na mafua. Jogoo siku hizi anawika. Basi. Ndiyo habari yenyewe.

Watu wamejaa kwenye maoni kama msibani! Wanampongeza jogoo! Mwanaume mzima wa Itigi kaandika, "Mungu ni mwema." Wa Manyoni kauliza jogoo anaitwa nani. Mimi nimeeleza soko la hisa la Tokyo kwa kina, hakuna aliyeuliza linaitwa nani.

Nimepambana. Mbinu ya kwanza: kichwa cha habari. Nimeandika, "UTASHANGAA! KILICHOTOKEA SINGIDA LEO HAKIJAWAHI KUTOKEA!" Chini yake sikuandika kitu, maana nilikuwa bado nafikiria kilichotokea. Wakaingia watu tisa! Mmoja akauliza, sasa kimetokea nini? Nikamjibu asubiri sehemu ya pili. Akajibu kwa tusi ambalo dada kanikataza kulisoma kwa sauti.

Mchana nikaenda dukani kwa Theodora kupeleleza. Nimejifanya mteja. Akaniuliza, mheshimiwa wa theluji, leo umekuja kufuata nini huku vumbini? Nikasema dawa ya kuku. Akauliza kuku wangapi, wana umri gani, wanakula nini. Sina kuku hata mmoja. Nikasema ni wa wastani. Nimetoka na pakiti ya dawa ya minyoo.

Lakini nimeona! Kila anayeingia anasimama na kumweleza mambo yake. Bibi mmoja kaeleza habari za mtetea wake kama anamweleza daktari mkuu. Theodora anasikiliza, anauliza, anaandika kwenye simu. Nikafungua blogu yake nikiwa nje, nikashuka mpaka chini kabisa, mahali ambapo siku zote huwa sifiki kwa hasira. Na pale chini kuna nini? Salamu! "Salamu zimfikie mama Eliana hapa Utemini akiwa pamoja na vifaranga wake wapya." Majina, majina, majina!

Kumbe ndiyo siri! Siyo kuku. Ni salamu! Watu wanaingia kutafuta majina yao!

Theodora, umekwisha.

Jumatano, 11 Juni

Kazi ya siku nzima. Nimeandika salamu.

Kuna kikwazo kimoja kidogo: siwajui wasomaji wangu. Theodora anawaandika anaoongea nao. Mimi nitaongea na nani? Nikaona nibuni. Mbona rahisi!

Salamu zina utaratibu wake, nimekulia humo, bibi yangu alikuwa hatulii mpaka redio imalize kusoma kadi zote. Humtaji mtu peke yake kama nguzo ya umeme. Unamtaja akiwa pamoja na mwenzake. Popote walipo. Kwa hiyo nimechukua jina la mwanaume, nikalitafutia jina la mwanamke, nikawapa mahali na kazi ili wafanane na watu wa kweli. Nimechanganya vizuri, mjini na kijijini, dini na dunia, pasiwe na malalamiko. Mfano:

"Salamu zimfikie Philipo, fundi pikipiki wa Utemini, akiwa pamoja na Leah, popote walipo, waendelee hivyohivyo."

"Salamu zimfikie mzee Nathan, mwinjilisti mstaafu wa Kilimatinde, akiwa pamoja na Lucy wa grosari."

Nimependa hilo la mwisho. Mwinjilisti na muuza bia: lina umoja wa kitaifa.

Dada kachungulia. Kauliza huyu Philipo ni yupi. Nikasema hayupo, nimembuni. Akasema mbona Utemini hapa mafundi pikipiki ni wengi, atakosaje kuwepo Philipo? Nikamwambia dada, ndiyo maana wewe unasuka nywele na mimi ni bloga. Akanigombeza kwa Kinyiramba, lugha anayoihifadhi kwa hasira. Nimebonyeza kitufe. Zimekwenda.

Alhamisi, 12 Juni

AISEE!

Nimeamka, simu ya moto kama jiko. Wasomaji mia nne! Kufika saa nne asubuhi, mia nane! Posti yangu imesambazwa kwenye makundi ya wasap: kundi la kwaya, kundi la bodaboda, kundi la wazazi wa darasa la saba. Watu wanaisoma kwa sauti sokoni. Dada kasema wateja wake leo wamesahau hata kuchagua msuko.

Na maoni! Mtu wa kwanza kauliza, "Leah ni Leah yupi?" Nikajibu kitaalamu, "Leah mwenyewe anajijua." Yakafuata maoni sitini! Mwingine kauliza hao wawili wanaendelea hivyohivyo kwa kufanya nini. Nikajibu, "Wao ndio wanajua, sisi tunawatakia heri." Mia moja na kumi!

Wanarudi kila baada ya dakika chache kuangalia kama nimeongeza majina. Huo sasa ndio unaitwa uaminifu. Theodora leo kaandika kuhusu utitiri. Pole yake.

Hapohapo nikapata wazo. Mjomba anataka watu? Atawapata! Nimetangaza: "Jumamosi saa nane mchana, mkutano mkubwa wa wasomaji wa Dunia Kiganjani, nyumbani kwa dada Witness, Utemini, nyuma ya mashine ya kusaga. Wote waliotajwa kwenye salamu wanakaribishwa kwa heshima, na familia zao."

Kwa kuwa waliotajwa hawapo, watakuja wengine. Kuna mtu angegundua hilo zaidi yangu? Hapana.

Ijumaa, 13 Juni

Simu hazikatiki! Watu wanathibitisha kuja. Sijawahi kuona msisimko wa namna hii.

Mwanamke mmoja kauliza mimi ndiye Peniel wa salamu. Nikasema ndiye. Akauliza kesho nitakuwepo mwenyewe, sitatuma mtu? Nikamwambia mama, nitakuwepo mwanzo mpaka mwisho. Akasema Mungu akulinde ufike kesho. Maneno mazuri sana.

Mwanaume wa sauti nzito kauliza nina urefu gani. Pengine ananiletea fulana.

Mwingine kauliza kama nyumba yetu ina mlango wa nyuma. Nikamwambia mlango ni mmoja tu, wa mbele, na ukuta wa uani ni mrefu. Akasema vizuri sana. Wasomaji wangu wanajali usalama!

Nimepita dukani kwa Theodora kumuaga kwenye ushindani. Nikamwambia kesho aje aone watu, asione haya, viti vipo. Kaniuliza kama nimewahi kuongea na huyo fundi Philipo. Nikacheka. Nikamwambia dada yangu Theodora, wewe hujui uandishi wa ubunifu. Akasema kweli, hajui, na akanipa glukosi bure. Ya watu au ya kuku sikuuliza.

Nimekodi viti vya plastiki. Nimeandika bango: KARIBUNI WASOMAJI. Upepo umelichukua mara mbili. Mara ya pili limerudishwa na mbuzi, kazitafuna herufi za mwisho.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nikiwa nimekaa upande mmoja. Upande wa pili unauma, nilijaribu ukuta wa uani. Ni mrefu kweli, kama nilivyomwambia yule mtu.

Mjomba Ignas kafika mapema kwa basi la Kiomboi, na kiroba kitupu cha kuwekea nguo zangu. Hakukaa ndani. Kachukua kiti, kakaa mbele kabisa, mikono kifuani, anasubiri kuona vichwa na miguu.

Saa nane ikafika. Wakaanza kuingia. Mmoja, watatu, kumi. Wakajaza viti! Wakajaza uwanja! Wengine wakasimama mlangoni, wamepangana vizuri kabisa kuziba. Mjomba akanyanyuka, akaanza kupita akisalimia watu, uso umemng'aa. Nilimsikia akimwambia mzee mmoja aliyevaa koti na kushika Biblia kwamba mimi ni mtoto wa dada yake. Mzee akamwambia basi tutaanza na wewe.

Alikuwa mwinjilisti Nathan. Mstaafu. Wa Kilimatinde. Yupo! Kasafiri na mkewe na wazee wawili wa kanisa kuja kuuliza Lucy wa grosari ni nani. Na Lucy wa grosari naye yupo! Alikuwa kiti cha nyuma, na mumewe, yule wa sauti nzito. Hakuleta fulana.

Fundi Philipo naye yupo. Ana spana mfukoni. Pembeni yake mkewe, na mkewe ni mama Eliana, yule wa vifaranga! Kasema kwa Theodora anatajwa na vifaranga, kwangu mumewe anatajwa na Leah, sasa yeye ni kuku? Philipo akaapa kwa jina la marehemu baba yake kwamba hamjui Leah yeyote. Hapo wakasimama akina Leah. Watano! Leah wote wa Utemini walikuja, kila mmoja na watu wake, kila mmoja anataka nitamke mbele ya umma kwamba siyo yeye. Nikamwambia wa kwanza siyo wewe. Wa pili, siyo wewe. Nilipofika wa nne, wa tano akaanza kulia, maana amebaki peke yake.

Ndipo nilipojaribu ukuta.

Walinirudisha. Mjomba alikuwa amesimama, kiroba mkononi. Nikajiona kabisa niko Kiomboi, mikono imejaa mafuta, blogu imekufa. Nikasema ukweli: jamani, nilibuni, mimi simjui hata mmoja wenu! Ikawa mbaya zaidi. Mume wa Lucy akauliza kumbe wote hawa wamevunjiwa heshima na mtu asiyewajua?

Mama Eliana ndiye aliyeokoa jahazi, bila kukusudia. Kanisukuma kwenye kiti, kanitupia simu yangu mapajani. Kasema salamu ya uongo imetoka kwako, na ya kweli itatoka kwako, na leo nakutajia mimi. Andika! Philipo fundi pikipiki, akiwa pamoja na mke wake wa ndoa, mama Eliana, wa pekee. Umeandika wa pekee? Soma. Nikasoma. Watu wakapiga makofi. Akasema bado. Ongeza salamu kwa mdogo wake aliyeko Itigi, waligombana kwa ajili ya shamba la mama, hawajaongea tangu mwaka juzi. Sauti ikapungua. Kasema andika kwamba dada yake amemkumbuka.

Basi, foleni ikajipanga. Mwinjilisti Nathan kataka mkewe atajwe kwanza, kisha vijana wake wote wa kwaya ya zamani, kila mmoja na sauti aliyoimba. Lucy kataja wateja wake, akaruka wawili kwa makusudi na akataka niandike kwamba ameruka. Akina Leah watano kila mmoja kataja jina la baba na kazi yake, wachanganywe basi tena! Yule wa tano kafuta machozi, kasema yeye ni fundi cherehani na anapokea sare za shule. Philipo na mume wa Lucy wameishia kuongea mambo ya plagi.

Nimeandika mpaka kidole kikafa ganzi. Kila mtu anasimulia, hakuna anayetaka kufupisha. Dada kapika uji mara mbili. Theodora alikuwa mlangoni, anacheka mpaka kashika ukuta. Wa mwisho kwenye foleni alikuwa mjomba Ignas. Kainama, kaninong'oneza niwasalimie wote wanaoleta alizeti kwenye mashine yake, hasa mama mmoja mjane wa kule Kiomboi. Jina kalitaja polepole sana, nisikosee.

Kiroba kakikunja, kakiweka mfukoni.

Jumapili, 15 Juni

Nimeshinda!

Mjomba kaondoka asubuhi bila mimi. Kasema watu nimemwonyesha, hana neno. Ila kanishika bega stendi, kaniambia hawa watu wanataka kitu kimoja tu, wasikilizwe, na nikiendelea kuwaandika hivyo wao hawatanitupa na yeye hatanisumbua. Siku nikiwaacha atajua, kwa sababu na yeye siku hizi ni msomaji.

Salamu za jana zimesomwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Yule mdogo wa Itigi kampigia mama Eliana. Wamelia wote kwenye simu. Mama Eliana kaniletea mayai kwenye kitambaa, kaniambia Jumamosi atakuja tena, ana habari za mtoto wake aliyefaulu.

Nimekaa nikachambua kwa makini kilicholeta mafanikio haya. Nina hakika ni viti.

Jumatano, 18 Juni

Wananimaliza! Asubuhi nafungua mlango, bibi kakaa kizingitini, anataka niandike habari za mbuzi wake aliyezaa mapacha. Nyuma yake Leah, wa pili, ana tangazo la kipaimara. Nyuma yake mzee kutoka Ikungi, kaja kwa baiskeli anitajie watu aliosoma nao. Hakuna aliyekuja na swali la kimataifa.

Nimewaza. Umati ninao. Sasa ni wakati wa kuupa umati kitu cha hadhi yake. Watu wameonja Dunia Kiganjani, wanastahili dunia yenyewe. Mbuzi mapacha tutabaki nao mpaka lini?

Nimeandika kwa chaki mlangoni: SALAMU NA HABARI ZA WATU, NENDENI KWA THEODORA, DUKANI, KONA. Na mshale. Bibi kasoma, kaniuliza kama nina uhakika. Nikamwonyesha na njia.

Akili imetulia. Nimefuta ukurasa wote wa salamu, ulikuwa unachafua muonekano. Nimeanza mfululizo mpya: "Mabwawa ya Kuogelea ya Ndani: Faida na Hasara."

Jumapili, 22 Juni

Wasomaji leo: wawili. Bila shaka mtandao unasumbua.

Kwa Theodora kumejaa, dada anasema kaongeza benchi nje ya duka na yule Leah wa tano anamshonea kapazia ka kivuli. Sawa. Acha apate uzoefu. Nimemwachia sehemu rahisi.

Mjomba kapiga simu mchana, kauliza salamu zake ziko wapi, yule mama mjane katafuta hajaona. Nikamweleza kwamba blogu sasa imekua, tumehamia kwenye mambo ya kimataifa, nikamsomea aya mbili za mabwawa. Kanisikiliza mpaka mwisho, hakucheka hata kidogo. Heshima imekuja!

Halafu kauliza kifua changu kina inchi ngapi, na mguu kutoka kiunoni mpaka chini. Kasema yuko kwa fundi, kitambaa ni kigumu, cha bluu, kile kisichoonyesha mafuta haraka. Nimempa vipimo vyote. Kasema Jumatano analeta mwenyewe.

Suti! Nimeanza kuwaza niipigie picha wapi.